Mshono Umepona, Mguu Bado Unawaka
Somo kwa wana ndoa



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya msalaba usiojulikana sana, ingawa umo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Ni maumivu ya neva za miguu yanayobaki baada ya mtu kufanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Tunasema haujulikani sana kwa sababu hauonekani kwa macho. Mtu aliyevunjika mguu hufungwa plasta, na hata ndani ya matatu watu humpisha akae. Lakini mwenye maumivu ya neva ana miguu miwili mizima, mshono wake umepona vizuri, na bado usiku hapati usingizi. Nani atamwamini?

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mfano huu tumeutunga, lakini wengi watajiona ndani yake.

Mume ni mwashi mwenye umri wa miaka arobaini na minne. Kwa miaka ishirini amebeba mawe na mifuko ya simiti. Mgongo ukaanza kumsumbua, kisha maumivu yakashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye wayo. Picha ya MRI ikaonyesha kwamba kisahani kilicho katikati ya pingili za mgongo kimetokeza nje na kubana neva. Pesa za upasuaji hazikuwapo. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ikaitisha harambee, parokia ikasaidia, ndugu wakauza ng'ombe. Upasuaji ukafanyika, na yale maumivu makali ya kwanza yakapungua sana. Nyumbani ikasomwa Misa ya shukrani, mbuzi akachinjwa, watu wakaimba.

Baada ya miezi mitatu mguu ukaanza kuwaka moto, hasa usiku. Mume akanyamaza. Angewaambia nini watu waliochanga? Akaacha kwenda kazini. Akawa mkali kwa watoto. Mke akimgusa mguu kitandani, yeye hushtuka na kujivuta pembeni. Mwishowe akahamia kulala kwenye kochi. Mke naye akahesabu mambo hayo moja moja na kupata jibu lisilo sahihi: huyu ama amekuwa mvivu, ama hanitaki tena. Jioni moja akasema, "Baba watoto, mbuzi alichinjwa, watu wakamshukuru Mungu, na wewe bado unakaa tu hapa kama mgeni?" Mume akachukua koti lake, akatoka nje. Hakurudi mpaka usiku wa manane.

Tazameni vizuri, wapendwa. Katika nyumba hiyo kuna magonjwa mawili. La kwanza liko kwenye neva, na hilo lina madaktari wake. La pili liko kati ya mume na mke, na hilo wao wenyewe ndio wa kulitibu. Tuanze na la kwanza, kwa maana ni vigumu kumhurumia mtu kwa jambo usilolielewa.

1. Maumivu haya ni nini?

Neva ni kama nyaya zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Zile za miguu hutoka sehemu ya chini ya mgongo, zikapita nyongani na kushuka mpaka vidoleni. Kisahani kikitokeza, au mfereji wa uti wa mgongo ukiwa mwembamba, neva hubanwa. Kazi ya daktari mpasuaji ni kuondoa kile kinachobana. Lakini neva iliyobanwa kwa miezi au miaka huenda imekwisha kujeruhiwa. Ni kama kengele ya mlango iliyokwama: inaendelea kulia ingawa mlangoni hakuna mtu. Mgonjwa hadanganyi anaposema inalia. Anaisikia kweli.

Maumivu haya hayafanani na ya kidonda. Wagonjwa husema ni kuchomwa moto, kupigwa shoti ya umeme, kudungwa sindano nyingi, au ganzi inayouma. Kwa wengine hata shuka likigusa ngozi ni mateso. Hapa ndipo wana ndoa wanapokoseana bila kujua. Mume wa mfano wetu hakuwa akimkimbia mkewe kitandani. Alikuwa akilikimbia blanketi.

Je, huisha? Kwa wengi hupungua, lakini neva haina haraka. Neva iliyojeruhiwa, ikiweza kuota tena, hukua kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kwenye wayo wa mtu mzima ni karibu mita 1. Hesabuni wenyewe. Kwa hiyo nafuu huja kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na wapo wanaobaki na sehemu ya maumivu maisha yao yote. Zamani madaktari waliiita hali hii kwa jina lenye maana ya upasuaji wa mgongo ulioshindwa. Mwaka wa 2021 wataalamu walipendekeza jina jingine, linalosema tu kwamba ni maumivu ya mgongo yanayodumu, kwa sababu lile la kwanza lilimtia mtu lawama. Hata hivyo, maumivu mapya au yanayozidi yasichukuliwe kuwa ya kawaida. Huenda kisahani kimetokeza tena, au neva nyingine imebanwa. Rudini hospitali mkapimwe.

2. Dawa na matunzo ya nyumbani

Dawa za kawaida kama parasetamoli mara nyingi hazisaidii sana maumivu ya neva. Ndiyo maana daktari huandika amitriptilini, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Baadhi ya dawa hizi hutumika pia kutibu huzuni kubwa au kifafa. Mke akisoma karatasi ya dawa asiseme, "Kumbe umerukwa na akili na hukuniambia!" Dawa ni ile ile, lakini hapa imepewa kazi ya kutuliza neva.

Kumbukeni mambo manne. Kwanza, dawa hizi huanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa polepole, na huenda zikachukua majuma kadhaa kabla ya kusaidia. Usiseme zimeshindwa baada ya siku tatu. Pili, zinaweza kuleta usingizi, kizunguzungu au kukauka mdomo. Mwambieni daktari, wala msiziache ghafula. Tatu, kuzichanganya na pombe, au na dawa kali za maumivu kama tramadoli bila ruhusa ya daktari, kunaweza kupunguza pumzi na kuhatarisha maisha. Nne, kama mgonjwa ni mke naye ana mimba au anaweza kupata, daktari ajulishwe mapema, kwa kuwa si kila dawa inafaa.

Wapo Wakristo wanaodhani kutumia dawa za maumivu ni kuukataa msalaba. Sivyo. Mwaka wa 1957, akiwajibu madaktari wa nusu kaputi, Papa Pio XII alieleza kwamba Mkristo hakatazwi kutulizwa maumivu yake, hata kwa dawa kali ikihitajika. Mgonjwa aliyelala usingizi mzuri husali vizuri zaidi na kuwapenda watoto wake zaidi.

Nyumbani, yapo mambo madogo yanayosaidia sana:

Kutembea kidogo kidogo kila siku, kama alivyoelekeza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kulala kutwa nzima hudhoofisha misuli na kuongeza uchungu.

Kuogopa siku njema. Maumivu yakipungua, mtu hutaka kulima shamba lote kwa siku moja, kisha analipa kwa siku tatu za kitandani. Afanye nusu ya anachoweza, aache akiwa bado ana nguvu.

Kutokaa kitako kwa muda mrefu. Anyanyuke kila baada ya nusu saa, hata akiwa kanisani. Padre hatakasirika.

Kuweka boksi la katoni miguuni pa kitanda, chini ya blanketi, ili uzito wa blanketi usiguse miguu.

Kuwa mwangalifu na maji ya moto. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kusikia. Mke apime maji kwa kiwiko chake kwanza, na kila jioni nyayo zitazamwe kama kuna kidonda, na viatu vikung'utwe.

Sasa, zishikeni kichwani dalili za hatari. Mgonjwa akishindwa kukojoa au kuzuia mkojo na choo, akipata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au miguu ikiishiwa nguvu ghafula, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkichelewa, madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Pia msikawie akiwa na homa, mshono ukitoa usaha, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa akikosa pumzi. Huenda damu imeganda.

3. Dhambi ndogo tatu zinazobomoa nyumba

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa pili. Tunauona katika mambo matatu.

La kwanza ni kuficha. Mgonjwa hunyamaza kwa kuona haya, au kwa kutotaka kuwatia wengine hofu. Anadhani anamlinda mwenzake. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na hapa kinachokufa kwanza ni mazungumzo ya mume na mke. Nafasi ya maneno hujazwa na dhana, na dhana mara chache huwa nzuri.

La pili ni kushuku. Mwenzi mzima huangalia mshono uliopona na kuamua kwamba maumivu hayapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huwezi kuyaona maumivu ya mwenzako. Njia ya kuyajua ni yeye akueleze, nawe umsadiki. Siku ile ya arusi hatukuahidi kupendana kwa ugonjwa unaoonekana kwenye picha peke yake. Tuliahidi kwa afya na kwa ugonjwa.

La tatu ni kutawala kwa maumivu, na hili tulitaje bila kuogopa. Yuko mgonjwa ambaye maumivu yake yamekuwa fimbo ya nyumba. Watoto hawachezi, mke hatoki kwenda chama, kila neno hujibiwa kwa ukali, na udhuru ni mmoja tu: "Mimi ni mgonjwa." Maumivu yanaeleza kwa nini mtu amekasirika, lakini hayaondoi wajibu wa kuomba msamaha. Baba anayemwambia mtoto wake, "Nilikukaripia bure, mguu ulikuwa unaniuma, nisamehe," amemfundisha dini kuliko mahubiri mengi.

4. Namba ya asubuhi na namba ya jioni

Dawa ya mambo hayo matatu ni desturi moja rahisi. Hospitalini daktari humwuliza mgonjwa ayape maumivu yake namba, kuanzia 0, yaani hakuna maumivu, hadi 10, yaani makali kupita yote. Ichukueni desturi hiyo mkaipeleke chumbani mwenu.

Asubuhi kabla ya kuamka, na usiku kabla ya sala, mgonjwa ataje namba yake kwa ukweli, bila kuipunguza wala kuiongeza. Kisha aongeze sentensi mbili: leo naweza kufanya hiki, na kwa hiki nisaidie. Kwa mfano: "Leo ni sita. Naweza kuwasaidia watoto kwa kazi ya shule, lakini maji siwezi kuchota." Mwenzake asibishane na namba hiyo, wala asitoe mahubiri. Aseme tu, "Pole. Nimesikia." Baada ya hapo, mchana kutwa asimwulize kila saa, "Bado inauma?" Mgonjwa naye asirudierudie malalamiko, kwa kuwa amekwisha kusikilizwa.

Kisha zamu igeuke. Mwenzi mzima naye ataje namba yake: amechoka kiasi gani? Yeye ndiye anayechota maji, anayetafuta karo, anayeamka usiku. Naye ni binadamu. Akisema "nane," mgonjwa ajue kwamba siku hiyo mkewe anahitaji kupumzika, na huenda dada au jirani aombwe kusaidia. Mateso ya mmoja yasifute uchovu wa mwingine.

5. Juu ya tendo la ndoa

Wengi hawaulizi kwa sababu ya haya, basi tuseme wazi. Baada ya upasuaji muulizeni daktari ni lini mnaweza kurudiana kama mume na mke. Wengi huruhusiwa baada ya majuma kadhaa. Mwenye maumivu asiwe ndiye wa kubeba uzito. Alale chali na mto chini ya magoti, au wote wawili walale ubavu, na wasiwe na haraka. Chagueni saa ambayo dawa imeanza kufanya kazi, badala ya usiku wa manane namba ikiwa juu. Zipo dawa zinazopunguza hamu au nguvu. Hilo si kosa la mtu, na daktari aweza kubadili dawa au kipimo. Lakini mguso ukianza kupotea ghafula pamoja na ganzi sehemu za siri, hiyo ni mojawapo ya dalili za hatari tulizozitaja.

Na siku ambazo haiwezekani, msigeuziane migongo. Semeni wazi, "Sijakukataa, ni mguu." Maneno hayo machache yangemwokoa mke wa mfano wetu na machozi ya miezi mingi. Kushikana mikono na kusali pamoja ni upendo wa ndoa vile vile.

6. Tuwaambie nini waliochanga?

Semeni ukweli, na msemeni pamoja, mume na mke. "Mlitununulia kuondolewa kwa kile kilichobana neva, na kimeondolewa. Neva yenyewe inachukua muda. Tunawashukuru, na bado tunawaomba sala." Harambee haikupotea. Misa ya shukrani haikuwa ya uongo. Tunamshukuru Mungu kwa hatua aliyotuvusha, hata kama safari haijaisha.

Angalieni pia mambo ya pesa mapema. Michango ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, isikatike, na mwulize hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa. Kama kazi nzito haiwezekani tena, zungumzeni juu ya kazi nyingine bila kumdharau mtu. Mwashi mwenye uzoefu aweza kusimamia mjengo au kuwafundisha vijana. Mke akipata riziki kwa wakati huo, mume hajapunguka hata kidogo.

7. Msalaba uliobebwa na wawili

Maumivu haya si adhabu ya Mungu. Mtakatifu Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa mwilini, naye hakuondolewa, bali alipewa neema ya kuishi nao (2 Kor 12:7-10). Rafiki za Ayubu walifanya vema walipokaa naye chini siku saba kimya. Walikosa walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Na Simoni wa Kirene hakuuondoa msalaba wa Bwana. Aliingiza bega lake chini yake. Mwenzi mzima hawezi kuiponya neva, lakini bega analo.

Katika barua yake ya mwaka wa 1984 juu ya maana ya mateso, Papa Yohane Paulo II alitumia mfano wa Msamaria Mwema kuonyesha kwamba mateso ya mtu mmoja humwita mwingine atoke katika nafsi yake na kupenda. Ni yeye pia aliyeanzisha Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa tarehe 11 Februari tangu mwaka wa 1993. Msingoje siku hiyo tu. Mwombeni Padre Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Si ya wanaokufa peke yao. Yafaa pia kwa mtu mwenye ugonjwa mzito, na kwa anayekaribia kufanyiwa upasuaji mkubwa.

Tumalizie na nyumba ile ya mfano. Tuseme usiku ule mume aliporudi, alimkuta mkewe bado ameketi, na taa inawaka. Akakaa karibu naye na kusema, "Mama watoto, mguu huu unawaka moto tangu Pasaka. Niliona haya kwako na kwa watu." Mke hakusema mengi. Akauliza, "Sasa hivi unakuumaje?" Akajibu, "Sana." Basi akalitoa blanketi kwenye kochi, akalirudisha kitandani, na asubuhi wakaenda kliniki wote wawili. Mguu haukupona siku hiyo. Lakini tangu usiku huo haukuwa tena mguu wa mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana ninyi wawili

1. Kuna maumivu, ya mwili au ya moyo, ambayo nimekuficha? Nilikuwa naogopa nini?
2. Ni lini nilikushuku bila kukusikiliza?
3. Namba yako leo ni ngapi? Na yangu?
4. Katika jumuiya yetu, ni nyumba gani iliyosahauliwa baada ya harambee kwisha?

Azimio la juma hili

Kila usiku kwa siku saba, tajeni namba zenu kabla ya sala. Kisha mtembeleeni mgonjwa mmoja aliyekwisha kutoka hospitali siku nyingi, msimwulize mbona hajapona.

Sala

Ee Bwana Yesu, wewe wajua uzito wa msalaba na thamani ya bega la kusaidia. Umfundishe anayeumia kusema kweli, na anayemtunza kusadiki. Utupe subira kwa yale yasiyoponywa upesi, na utulinde tusigeuziane migongo. Amina.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.